Karani Asiye na Kiti

Karani wa Baraza alikuwa na swali moja tu, na kwa swali hilo aliifanya kazi yake mpaka akastaafu. Kabla ya kila kikao alisimama mlangoni pa ukumbi, kikombe cha chai mkononi, na kila mjumbe aliyepita, Karani alimsogelea na kumnong'oneza, "Mukubwa, hii kitu itakunyima usingizi?" Hakuuliza kama mjumbe anaipenda. Kupenda, alisema, ni mambo ya harusi.

Akijibiwa "hapana," aliweka alama ya vema kwenye daftari lake. Akijibiwa "nitalala, lakini nitaota vibaya," aliandika tanbihi chini ya ukurasa. Akijibiwa "silali," aliurudisha waraka ndani ya jalada na kwenda kumwambia mwenyekiti kwamba chai iongezwe. Chai ikiongezwa, sote tulijua mambo bado ni mabichi na chakula cha mchana kitachelewa.

Baraza lenyewe ni la muungano wa ulinzi wa nchi kadhaa za huku kwetu. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa bado wananipa karatasi za kutafsiri. Ofisi zake ziko Nakasero, na kila nchi huleta mjumbe wake, aghalabu brigedia mwenye tumbo au balozi mwenye miwani. Nilipofika kutoka Kenya kuanza kazi ya ufasiri nilidhani watu wa jeshi huamua kwa amri: mkubwa anasema, wadogo wanapiga saluti. Kumbe mle ndani hakuna amri wala kura. Nchi kubwa yenye ndege za kivita na nchi ndogo yenye bendi nzuri ya tarumbeta zina uzito uleule, na jambo likikataliwa na mmoja, limekufa. Mimi natoka kwa watu wanaozozana kwa sauti, na mwezi wa kwanza nusura niugue kwa ule utulivu.

Tena mambo mengi hayakufika hata mezani. Waraka uliandikwa, ukapelekwa kwa wajumbe wote, na chini yake palikuwa na mstari ambao nimeuchapa mara nyingi hata naweza kuuchapa nikiwa nimesinzia: Waraka huu uko chini ya ukimya hadi Ijumaa, saa sita mchana, kwa saa ya ukutani. Asiyekubali aliandika barua kabla ya saa hiyo, na hiyo ndiyo tuliyoiita kuvunja ukimya. Saa sita ikifika bila barua, waraka umekuwa uamuzi wa nchi zote, na asiyeusoma shauri yake.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu Jumatano moja mwaka huu simu yangu ililia, na ndani yake mlikuwa na waraka wenye mstari uleule, neno kwa neno. Haukutoka Nakasero. Ulitoka kwa Aber, binti mkubwa wa Karani, ambaye ni mwalimu huko Gulu, nao ulimhusu baba yake. Ulisema nyumba yake ya Bukoto ipangishwe, na Mzee ahamie Gulu akae na bintiye, kwa kuwa anaishi peke yake na mara mbili amesahau kuzima jiko la gesi. Ukimya hadi Ijumaa, saa sita mchana, kwa saa ya ukutani ya sebuleni Bukoto.

Mimi si wa familia ile. Nimo katika kundi lao la simu kwa sababu Karani aliniingiza mwenyewe baada ya kustaafu, akasema kila baraza linahitaji mwandishi na macho yake yamechoka. Nilijua hataki kuhama. Nilingoja avunje ukimya. Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita, wadogo zake Aber nao kimya, Karani kimya. Nilianza kuogopa, maana nilimjua vizuri kuliko watoto wake walivyodhani wanamjua.

Ukumbini hakuwahi kutoa maoni yake. Alikuwa sajini kabla ya kuwa karani, na jeshini alijifunza kwamba mtu asiye na cheo cha kusema hupata nafasi nzuri ya kusikia. Wajumbe walikaa kwenye viti vya ngozi kuzunguka meza; yeye alikaa kwenye stuli ya mbao karibu na ukuta, chini ya saa. "Karani hana kiti," alisema kila alipoulizwa, na kanuni hiyo aliiandika kwa mkono wake katika kijitabu cha taratibu. Siku moja mwenyekiti, aliyekuwa mgeni, alimgeukia mbele ya watu na kumuuliza yeye binafsi anaonaje. Karani alisimama wima, akatazama mbele, akasema stuli haina maoni, akaketi.

Ungedhani mtu wa namna hiyo ni mpole. Thubutu. Nje ya lango la Nakasero alikuwa mbishi hakuna mfano. Kituo kizima cha boda boda kilimkimbia, kwa sababu alikuwa na njia yake ya kwenda Bukoto ambayo hakuna dereva aliyewahi kuikubali na yeye hakuwahi kukubali nyingine. Aligombana na redio, aligombana na mtabiri wa hali ya hewa, na aliwahi kumrudishia kinyozi nywele zake katika mfuko wa plastiki kama ushahidi.

Sokoni Kalerwe nilikwenda naye mara moja, sikurudia. Alisimama mbele ya fungu la nyanya, mikono nyuma, hasemi. Muuzaji alitaja bei. Karani kimya. Muuzaji akapunguza. Kimya. Akaongeza nyanya mbili juu ya fungu, kisha ya tatu, kisha uvumilivu ukamwishia akanigeukia mimi, mwanamke mwenzake: "Nyabo, huyu muzee ananunua, ao anaangaria tu?" Nikamwambia angoje. Karani akaongeza dakika nzima, halafu akalipa bei ya kwanza kabisa, ile ile aliyotajiwa mwanzo, na akazirudisha zile nyanya tatu. Njiani nikamuuliza faida ni nini. Akasema alitaka kujua kama mama yule ana uhakika na nyanya zake.

Mimi binafsi nina deni kwake la aibu. Mwaka wangu wa kwanza Baraza lilikuwa linaandaa waraka kuhusu kituo cha pamoja cha mpakani: nani alinde wapi, kwa zamu gani. Karatasi zilikuwa nyingi, mashine ya kunakili ilikuwa inakula kila ya tano, na katika pilikapilika hizo nilibana ukurasa wa tatu ambao haukuwa ukurasa wa tatu. Ilikuwa orodha ya chakula ya kantini yetu: Jumatatu maharage, Jumatano matoke kwa mchuzi wa karanga, Ijumaa samaki. Waraka ukaenda kwa wajumbe wote chini ya ukimya. Ijumaa saa sita ikafika. Hakuna aliyeandika barua.

Jumatatu brigedia mmoja, ambaye nadhani alikuwa hana la kufanya, aliusoma. Niliitwa. Nilikuwa nimeshaanza kupanga vitabu vyangu kwenye boksi, nikijiona ndani ya basi la kurudi nyumbani. Karani alisimama kando yangu mbele ya mwenyekiti, akasema kwa adabu kwamba waraka ulikaa chini ya ukimya siku zote zilizotakiwa, ukimya haukuvunjwa, na kwa hiyo, kwa kanuni, nchi zote za muungano zimekubaliana kula matoke Jumatano. Anayetaka kubadilisha alete waraka mpya. Mwenyekiti alifungua kinywa, akawatazama wajumbe, na kila mjumbe alikuwa anatazama viatu vyake, maana kunifukuza mimi kungekuwa kukiri kwamba hakuna aliyesoma.

Ukurasa wa kweli wa tatu ulipitishwa wiki iliyofuata. Orodha ya chakula nayo haijafutwa mpaka leo. Walijaribu, lakini mjumbe wa nchi isiyo na ziwa hata moja alisema kuondolewa kwa samaki wa Ijumaa kutamnyima usingizi, na jambo likafia hapo. Mpishi ameiwekea fremu. Nilipomshukuru Karani, alinuna. "Ukimya si kukubali, madamu," aliniambia. "Ukimya ni mutu hajasema. Wewe soma karatasi yako." Maneno hayo niliyaweka akilini, na ndiyo yaliyonikosesha raha ile Alhamisi.

Kisa kingine ni cha dereva. Mjumbe wa nchi ile yenye tarumbeta alikwama kwenye foleni ya magari siku ambayo Baraza lisingeweza kuanza bila nchi zote kuwapo. Akampandisha dereva wake kwenye boda, akamtuma akakae. Dereva akafika na kofia ya pikipiki kichwani, Karani akampeleka hadi kwenye kiti cha ngozi, akamvuta karibu na meza kama bibi harusi. Mwenyekiti akasoma jambo la kwanza na kuuliza kama kuna anayepinga. Dereva, kwa vumbi la barabarani, akakohoa.

Ukumbi uliganda. Majenerali wawili waliweka kalamu chini. Mwenyekiti akasema anaona nchi ile ina mashaka, jambo likaahirishwa, na Karani akaliandika hivyohivyo. Mjumbe mwenyewe alipofika akiwa anatokwa jasho, alikuta nchi yake imezuia ununuzi wa mahema. Kwa heshima ya nchi ilibidi ashikilie msimamo huo miezi miwili. Nami nilimuuliza Karani inawezekanaje kikohozi cha dereva kiwe sauti ya taifa. Alinijibu kama anamfundisha mtoto: "Kiti ndiyo inasema. Si mutu amekaa."

Hilo la saa wengi wanalijua, ila wanalisimulia vibaya. Muda wa askari wa mpakani ulikuwa unaisha saa sita mchana, na bila uamuzi mpya ilibidi wafunge virago. Wajumbe wawili walikuwa wamekwama kwenye neno moja. Zilipobaki dakika tano, mwenyekiti alimtazama Karani. Karani alivua viatu, akapanda kwenye stuli yake na soksi zake za kijani, akaichomoa betri ya saa ya ukutani, akaitia mfuko wa shati. Kisha akaketi. Wakabishana mpaka mpishi akafunga jiko, wakabishana njaa ikiwauma, na walipokubaliana jua lilikuwa limeshahamia dirisha la pili. Kwa saa ya ukutani ilikuwa bado saa sita kasoro dakika tano, na ndivyo ilivyoandikwa. Nilimuuliza kama huo si uongo. Alinionyesha kanuni: inasema saa ya ukutani, haisemi lazima iwe inatembea.

Sasa nimseme Hajati, maana bila yeye picha hii ina tundu katikati. Hajati alikuwa mkewe, Mnubi wa Bombo, binti wa askari. Karani mwenyewe ni Mkatoliki wa kaskazini. Walilea watoto kati ya kanisa na msikiti bila kelele, kwa kuwa kila Jumapili baada ya chakula kulikuwa na baraza sebuleni. Hajati alikuwa mwenyekiti, kwenye kiti chake cha dirishani chenye kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Watoto walikuwa wajumbe. Karani alikuwa karani, kwenye stuli, na daftari. Hata nyumbani kwake hakuwa na kiti. Hakuna jambo lililopita kama lingemnyima mtu usingizi, na ndiyo maana paka wao aliishi miaka yake yote bila jina.

Hajati alikuwa hodari wa kumsoma. Mumewe akinyamaza huku anakuna sikio, amekubali. Akinyamaza huku anapangusa kalamu kwa leso, hakubali hata kidogo. Hapo Hajati aliweka mikono juu ya viegemeo na kusema, "Kiti changu kina mashaka," na jambo likaishia hapo. Nililiona kwa macho yangu, nikiwa mgeni wa pilau. Watoto walinung'unika kwamba mama yao ni mgumu. Karani aliinamisha kichwa akaandika.

Hajati amekufa, amezikwa kwao Bombo, na kila Ijumaa mchana Karani huvaa koti na kwenda kaburini kumsalimia. Watoto wanalijua hilo, lakini wanalihesabu kama matembezi tu ya mzee. Nyumbani hakuna tena anayeitazama ile kalamu.

Ijumaa ile niliomba ruhusa saa tano, nikapanda boda, na dereva akanipitisha njia yake badala ya njia ya Karani, tukakwama. Nilipogonga mlango Bukoto simu yangu ilisema saa sita na dakika ishirini. Nikajua nimechelewa. Nilikuta mlango haukufungwa. Karani alikuwa sebuleni, kwenye stuli, amevaa koti na tai ya siku za Baraza, anapangusa kalamu. Juu yake saa ya ukutani ilisema saa sita kasorobo.

"Afande," nikamwambia, "saa yako imekufa."

"Haijakufa, madamu. Imesimama."

Mfuko wa shati lake ulikuwa umevimba kidogo. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya la kwanza. Simu yake juu ya meza ilikuwa inatetemeka, jina la Aber likiwaka na kuzimika, na yeye hakuigusa. Alinimiminia chai. Nilimuuliza kwa nini hakuandika neno moja tu kwa watoto wake tangu Jumatano. Alisema Karani hana kiti, na hawezi kuvunja kanuni aliyoitunga mwenyewe kwa sababu tu leo inamuuma yeye. Nikamuuliza basi saa ameisimamisha ya nini. Aliipangusa kalamu upya. Kisha akasema alitaka dakika chache za kufikiri, amefikiri, na hakuna kilichokuja.

Nilikasirika. Miaka yote hiyo nilimwona akiwazungusha mabrigedia bila jasho, na sasa anazungushwa na stuli. Nikatazama huku na huku, na macho yangu yakatua dirishani, kwenye kitambaa cheupe.

"Kile kiti cha Hajati," nikasema. "Nani anakikalia?"

"Hakuna mutu."

"Na kiti kikiwa wazi, kanuni inasemaje?"

 Kanuni aliijua: kiti ndicho kinachosema, si mtu aliyekikalia. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kukaa pale hata siku moja. Nikamwambia hata yule dereva alikuwa hajawahi. Mabega yake yakatikisika, na nilifurahi kuona bado anaweza kucheka. Akasimama. Alikivua kile kitambaa taratibu, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya meza, na akaketi ukingoni kabisa mwa kiti, magoti pamoja.

Nilichukua daftari lake. Nikaenda nikasimama mlangoni na kikombe changu cha chai, kama alivyokuwa akisimama yeye, kisha nikamsogelea na kuinama.

"Mukubwa," nikamuuliza, "hii kitu itakunyima usingizi?"

Alitazama kalamu mkononi mwake. "Tangu Jumatano sijalala," akasema. "Nikienda Gulu, Hajati atasalimiwa na nani?"

Nikaandika. Kisha nikautuma ujumbe kwenye kundi la familia: Ukimya umevunjwa, saa sita kasorobo kwa saa ya ukutani ya sebuleni Bukoto. Kiti cha Hajati kina mashaka. Chini yake niliweka picha ya saa, kwa kumbukumbu.

Aber alipiga papo hapo, kwangu safari hii. Nilisikia wanafunzi wakisoma nyuma yake. Alianza kwa ukali wa kialimu: saa sita imepita, Anti, na ni nani huyo amekaa kwa kiti cha mama. Nikamwambia ni baba yake. Nikamwambia anapangusa kalamu, na kwamba alikuwa anaipangusa vilevile zile Jumapili, na mama yao alikuwa anaitazama.

 Wale wanafunzi walimaliza ukurasa wakaanza mwingine.

"Kumbe ile mashaka," Aber akasema, "siku zote ilikuwa ya baba?"

Sikumjibu, maana mwandishi hana maoni. Alipenga kamasi. Akasema niandike kwamba waraka umeondolewa, ila suala la jiko la gesi litaletwa kikao kijacho, na kwa hilo yeye hapati usingizi kabisa. Nikaliandika. Karani alikuna sikio.

Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa betri, akaniwekea kiganjani. Bado ilikuwa na joto la kifua chake.

"Sasa rudisha," akasema, akiinuka kutafuta viatu. "Hajati hapendi tuchelewe."